Kuvusha kamba kipindi cha kaskazi

Mabwawa yetu yako upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, jirani na mashamba ya chumvi. Jua kali, upepo na uchache wa mvua ni neema kwa wavuna chumvi, lakini kwa mfuga kamba miti ni mtihani. Kuanzia Januari hadi masika yaanze, bwawa la kina cha goti linaweza kufika nyuzi 34 au 35 alasiri, ilhali kamba huyu raha yake ni 28 hadi 32.

Kamba hana namna ya kujipoza, mwili wake unafuata joto la maji. Maji yakipata moto anahema zaidi, anakula kwa pupa, na chakula kinapita tumboni mbio bila kumfaa sana. Wakati huohuo maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanabeba takriban miligramu 6.7 kwa lita. Yakifika 35 hayapati hata 6.

Wengi huhangaika na mchana. Mimi mchana siuogopi sana, maana jua likiwaka, vimea vidogo vinavyoyapa maji ukijani vinatoa oksijeni. Usiku vimea hivyohivyo vinageuka walaji, pamoja na kamba wenyewe na bakteria wa kwenye tope. Saa kumi na moja alfajiri ndipo bwawa linapokuwa taabani. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni ninachokiamini nakichukua gizani, tena chini karibu na tope. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita nawasha mashine ya kupiga maji. Chini ya 3 hakuna kulala. Kurunzi nayo inasema mengi: macho ya kamba hung'aa mekundu yakimulikwa, na ukiyaona yamejipanga ukingoni, juujuu ya maji, ujue hewa imekwisha.

Kazi kubwa tuliyofanya ni kuchimba. Upande wa geti, mlango wa kuingizia na kutolea maji, sasa una kina cha mita moja na nusu, na mchana kamba wanashuka huko. Ila shimo lenyewe lazima liwe safi. Tope jeusi linalonuka yai viza lina gesi ya sumu, na kamba aliyekimbia joto akaikuta hiyo hana pengine pa kwenda. Kila baada ya mavuno tunakausha sakafu mpaka ipasuke, tunakwangua weusi, tunamwaga chokaa.

Maji mapya ni ya kupangia. Huku bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa alfajiri na jioni, nami nayapenda ya alfajiri: yamepoa, na yanakuja saa ileile bwawa linapohema. Siku za mwisho za bamvua tunajaza hadi juu, kwa sababu maji mafu, yale yasiyojaa sana, yakiingia bahari haifiki getini, na jua linabaki kunyonya maji na kuacha chumvi, hadi inapita gramu 40 kwa lita.

Chakula cha adhuhuri nimekifuta. Joto likizidi 33 napunguza hata robo ya kile cha asubuhi na jioni. Kinachobaki kwenye sinia la kulishia kinaoza na kula oksijeni ambayo tayari haitoshi. Sinia lenyewe halinyanyuliwi jua la utosi. Kamba wa kwenye maji ya moto ukimtoa ghafla anakunja mkia, nyama inakuwa nyeupe kama iliyochemshwa, na hanyooki tena. Mzee mmoja mvuvi aliwahi kuniona nikihangaika kumnyoosha mmoja, akaniambia, "Mwanangu, huyo usimrudishe, lete sufuria."

Mvua ya kwanza ya masika wengi huipokea kwa shangwe. Mimi huwa nakimbilia getini. Maji ya mvua hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi, yanatanda juu ya yale ya chumvi yenye moto, hewa haishuki chini, na kamba wako huko. Tunang'oa mbao za juu za geti ili maji ya mvua yatoke, mashine inawashwa kuchanganya yaliyobaki.

Na kama alfajiri mbili tatu zinafuatana kipimo kikigoma kupanda, navuna, hata kama kamba hawajatimiza uzito. Tunavuna usiku, barafu ikiwa tayari ukingoni. Wanunuzi wa Malindi watalalamika kuwa ni wadogo, na bei itashuka kweli, lakini watanunua.