Jinsi nilivyoipatia shaba makali bila ile "siri iliyopotea"

Tindo lililo mezani mwangu ninapoandika haya lina urefu wa kiganja, ni shaba nyekundu tupu isiyochanganywa na bati wala madini mengine, na kwa siku tatu limekuwa likichonga mfereji katika jiwe la chokaa. Nalitaja mapema kwa sababu watu wasiopungua wanne waliniambia, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia kwa macho, kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwamba Wamisri wa kale walijua siri ya kuigeuza shaba iwe ngumu kama chuma cha pua, na kwamba siri hiyo walizikwa nayo.

Nilianza na nondo fupi ya shaba chakavu yenye unene wa kidole gumba, ambayo bei yake haikunisumbua. Kilichonimaliza ni makaa, kwani niliteketeza karibu gunia zima kabla ya kujua ninachofanya. Kufua umbo lenyewe la tindo hakuhitaji maelezo. Yeyote aliyewahi kushika nyundo mbele ya fuawe atalipata kwa jioni moja.

Taabu ilianzia kwenye makali. Nilishauriwa nipashe ncha hadi iwe nyekundu, kisha niichovye ghafla katika maji baridi, kama mhunzi afanyavyo kwa kisu. Nilifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Maji yalichachatika, ukoko mweusi ukabanduka, na shaba ikatoka na wekundu safi wa kupendeza, nami nikaamini kwamba nimefika. Niliiweka ncha juu ya jiwe, nikapiga kwa nyundo ya mbao mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu ncha ikakunjika kando kama ukosi wa shati. Niliinyoosha, nikaambiwa nitumie maji ya chumvi. Ikakunjika. Nikaambiwa mafuta. Ikakunjika tena, na safari hii kwa pigo la kwanza. Mshauri mmoja alisisitiza kwamba kosa langu ni kutoipasha vya kutosha, hivyo nikavukuta hadi ncha ikakaribia kuyeyuka, na matokeo yakawa mabaya kuliko yote yaliyotangulia.

Jibu lilikuwa sakafuni. Palikuwa na ukanda wa shaba niliokuwa nimeufua siku iliyotangulia ukiwa baridi, nikauweka kando bila kuurudisha motoni. Nilipouokota ili niusafishe nilijaribu kuupinda kwa vidole, ukakataa. Nikachukua ukanda mwingine wa unene uleule, uliotoka motoni na majini, nao ukapinda kwa dole gumba bila ubishi. Nilikaa pale na vipande viwili mikononi kwa muda mrefu. Moto niliokuwa nikiutegemea uipe shaba ugumu ndio uliokuwa ukiuondoa.

Chuma cha pua kina kaboni ndani yake, na kikipozwa ghafla mpangilio wake wa ndani hubadilika kikawa kigumu. Shaba tupu haina badiliko la namna hiyo, kwa hiyo kuichovya majini au kuiacha ipoe yenyewe ni mamoja. Kinachoifanya iwe ngumu ni kipigo: nyundo huzibana na kuzivuruga fuwele zake hadi zishindwe kuteleza kwa urahisi, na moto huziruhusu fuwele mpya laini zizaliwe upya. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, shaba iliyolainishwa huwa karibu na 50, na ikifuliwa baridi vizuri hupita 100. Hiyo ni mara mbili, nayo inatosha kwa jiwe la chokaa, ingawa haikaribii chuma cha pua kilichochovywa, ambacho hupita 600. Maji yana faida moja tu, nayo ni kubandua ule ukoko mweusi, na kwa hilo bado nayatumia.

Ujanja wote, basi, umo katika mpangilio. Nililifua tindo, nikalilainisha motoni kila lilipoanza kugoma, na baada ya kulilainisha mara ya mwisho nikaifua ncha peke yake ikiwa baridi, kwa mapigo mepesi yaliyokaribiana, pande zote mbili. Sikio ndilo lililonifundisha wakati wa kuacha. Mwanzoni nyundo inatoa sauti nzito iliyozimika. Kadiri shaba inavyokaza, sauti inapanda na kuanza kulia, na nyundo inarudi mkononi yenyewe. Ukiendelea kupita hapo, nyufa nyembamba kama unywele hutokea pembeni mwa ncha, na ukiziona hakuna dawa ila kukata sehemu hiyo na kuanza upya. Mimi nilikata mara mbili. Jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba wekundu hafifu unaotosha kulainisha shaba hauonekani juani, kwa hiyo hamishia moto kivulini au ungojee magharibi.

Baada ya hapo nilisoma habari za wanaakiolojia kwa jicho jingine. Wakazi wa kale wa eneo la Ziwa Superior, huko Amerika ya Kaskazini, waliokota shaba asilia, wakaifua na kuirudisha motoni kwa zamu maelfu ya miaka iliyopita, na alama za kazi hiyo bado husomeka kwa hadubini ndani ya zana zao. Siri iliyopotea iko wazi ndani ya metali yenyewe kwa yeyote atakayeitazama.

Na graniti je? Swali hili huulizwa kila mara, nami nililijaribu: tindo langu lilibonyea kwa pigo moja. Wamisri nao hawakuichonga graniti kwa tindo la shaba. Kule Aswan, mnara uliolala machimboni bila kumalizika umezungukwa na mashimo yaliyopondwa kwa mawe magumu ya dolerite, na pale walipohitaji kukata kwa msumeno, waliweka mchanga chini ya bapa la shaba na mchanga ndio uliokata. Nilisugua bapa langu juu ya mchanga kwa alasiri nzima, mabega yakauma, na mfereji uliopatikana ulikuwa na kina cha ukucha. Ni mdogo, lakini ni mfereji halisi katika graniti.

Shaba hulipia kazi hiyo kwa mwili wake. Tindo langu hupoteza makali baada ya mapigo machache, hunolewa, hufuliwa tena, na sasa limekwisha kupungua urefu kwa upana wa kidole. Katika kijiji cha mafundi wa makaburi ya kifalme cha Deir el-Medina, makarani walipima uzito wa zana za metali walipozigawa na walipozipokea zikiwa butu. Zamani nilidhani walikuwa wakiogopa wezi tu. Jana niliweka langu kwenye mizani, nikaandika uzito wake kwenye daftari pamoja na tarehe, na nitalipima tena tindo hilo mfereji utakapokamilika.