Mkuku wa mashua yangu: kana imelegea hatimaye

Leo nimebisha, yaani nimekwenda mshazari nikiukabili upepo, kutoka Bagamoyo mpaka Mbegani, kusi ikivuma usoni, na mkono haukuniuma hata kidogo. Nina furaha isiyo kifani.

Mashua yangu ya futi 18 ilikuwa ikienda upande kama kaa, maana mkuku wake, ule mti wa chini unaoshika maji, ulitokeza vidole vinne tu. Nikapigilia ubao wa mvule chini yake, sentimita 12, sawasawa kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Ikaacha kuchukuliwa upande na upepo. Lakini ukaja ugonjwa mwingine: upepo ukizidi kidogo tu, omo inaukimbilia, kana, ule mpini wa usukani, naivuta kwa mikono miwili huku goti limekaza ubavuni, na kuondoka upeponi haitaki. Wiki tatu! Nikalaumu tanga. Nikalaumu usukani. Nikagonga kabari za mlingoti huku na huku, wapi.

Jumamosi maji yalikuwa yakipenya kwenye maungio ya mbele. Nikahamishia nyuma viroba vinne vya mchanga, farumi yangu ya kuipa mashua uzito, nipate kuziba kwa pamba. Kana ikalegea palepale mkononi. Nilikaa nikiitazama.

Omo ilikuwa imeinuka, mkuku wa nyuma umezama zaidi. Tanga lina mahali pake pa kusukumia, na mkuku una mahali pake pa kushikia maji. Mshiko ukiwa mbele mno, tezi ndiyo inayosukumwa, na omo inapanda upeponi. Ubao wangu ulikuwa ukishika maji mahali pasipotakiwa.

Maji yalipokupwa nikailaza mchangani, nikauchonga ubao: omo hakuna kitu, tezi sentimita 12 zilezile. Randa ya umeme niliyoazima nimeirudisha siku ileile. Mvule huwa na vijiwe ndani, makali yaliliwa kabla sijafika katikati. Tezo ukiipitisha kwenye kinoo dakika mbili inarudi kazini, tena mkono unasikia kijiwe kabla hakijaharibu chuma.

Kuchukuliwa kumerudi kidogo, kwa kuwa nimepunguza ubao. Kuongeza kina siwezi: ufuko wetu wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakitoka chombo kinakaa chini, na kila sentimita ya mkuku inakilaza zaidi.

Wiki hii nilipanga kupaka deheni, mafuta ya kukinga mbao za chombo, na kushona tanga jipya. Vitangoja. Nimekumbuka vyombo vya Uholanzi vyenye ubao wa kushusha ubavuni, upande wa demani, usioelekea upepo, unaopandishwa ukikaribia mchanga. Kipande cha mvule kilichobaki kinatosha; nimeshakichora kwa chaki, na kesho natafuta boliti ya kukiningʼinizia.