Shule ya lugha mbili: kagua daftari kabla ya karo

Wazazi wa Kisumu mnaotafuta shule za kimataifa, msitosheke na bango la "lugha mbili". Ombeni ratiba mhesabu vipindi vya Kiswahili, kisha mfungue daftari la mtoto wa darasa la nne. Likiwa limejaa kujaza mapengo tu, bila insha hata moja, hapo Kiswahili ni pambo.

Mtoto wa chekechea anayezungumza Dholuo (Kijaluo) nyumbani anaweza kunyamaza darasani miezi kadhaa. Anasikiliza, msimlazimishe. Akiandika "samba" badala ya "shamba", si uzembe: Dholuo haina sauti ya "sh". Na msiache Dholuo nyumbani eti Kiingereza kiingie haraka (kosa hili naliona sana). Kuzungumza huchukua mwaka mmoja au miwili, lakini lugha ya kusomea sayansi huchukua mitano hadi saba.

Kuhama kutoka mtaala wa Kenya kwenda ule wa Cambridge wa Uingereza, fanyeni kabla mtoto hajafika miaka 14, kwa sababu IGCSE, kozi yake ya sekondari inayoanza karibu umri huo, kwa kawaida ni ya miaka miwili. Ulizeni pia ada ya mtihani: hutozwa kwa kila somo, na mara nyingi haimo kwenye karo.