Ninavyohesabu ndege wa Sharpe kwenye malisho ya Kinangop

Ndege wa Sharpe, kwa jina la kisayansi Macronyx sharpei, haishi popote duniani ila nyanda za juu za Kenya, na Kinangop ndiyo ngome yake. Wengi wako kwenye malisho ya wakulima, kwa hiyo kazi huanza kwa kumwomba mwenye shamba ruhusa na kumuuliza ng'ombe watakuwa upande gani asubuhi hiyo.

Kutembea na kuangaza macho hakutoshi, kwani hujibanza chini ya shungi la nyasi na kuruka ukikaribia kumkanyaga. Natumia kamba nyepesi ya mita 25. Wenzangu wawili hushika ncha wakiwa wameachana mita 20, kamba ikipapasa vichwa vya nyasi ili ndege waruke. Usiifunge uzito wowote: viota viko chini, jiwe litaponda mayai. Mimi hufuata katikati na darubini ya 8x42. Tukienda mita 500, tumemaliza hekta 1.

Akiruka utaona kingo nyeupe za mkia. Usiandike bado! Anthus cinnamomeus, ndege mwingine wa nyasini, wa kahawia, anazo pia, na wote wawili wakikupa mgongo wanafanana mno. Subiri atue na ageuke. Wa Sharpe ana koo na kifua cha manjano, na michirizi myeusi kifuani. Asipogeuka, namwandika "hajulikani". Kubahatisha kunaharibu hesabu nzima.

Kinachokosewa zaidi ni kumhesabu mmoja mara mbili, maana huruka kidogo tu akatua mbele ya kamba. Kila anayeruka namchorea mshale kwenye ramani ya shamba, kutoka alikoinuka hadi alikotua. Anayepita juu akitoka shamba jingine hahesabiwi.

Naanza ukungu ukishainuka, naacha saa nne na nusu. Umande mwingi huilowesha kamba ikawa nzito na kulaza nyasi. Upepo ukivuma naahirisha, kwa sababu hata mluzi wa ndege husikii.

Napima pia urefu wa nyasi kwa rula sehemu kumi, na kuandika kama mashungi yapo. Bila hilo idadi haielezi kitu: hula penye nyasi fupi, lakini hujificha na kutaga kwenye mashungi. Malisho yaliyofyekwa yote sawasawa, au kuachwa yarefuke yote, huwa na wachache. Shamba lililolimwa viazi bado tunalipitia, na sifuri yake naiandika pamoja na tarehe.