Kigumu si Kutulia, Kigumu ni Kukumbuka

Umefunga mlango, umepiga hatua kumi, mara unasimama: hivi nimefunga kweli? Mkono ulizungusha ufunguo, kitasa kikalia, lakini wewe hukuwepo. Ulikuwa umeshafika kwenye kikao cha asubuhi, unajibu swali ambalo hujaulizwa bado. Unarudi, unatikisa mlango, unaondoka tena, na pengine hata safari hiyo ya pili akili haikuhudhuria.

Hauko peke yako. Mwaka 2010 watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti walioufanya kwa programu ya simu. Watu wazima 2,250 walikuwa wakishtukizwa wakati wowote wa siku na kuulizwa wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Na waliokuwa wakiwaza mambo ya kufurahisha hawakuwa na furaha zaidi kuliko wale ambao akili yao ilikuwa palepale kwenye shughuli waliyokuwa nayo. Kwa hiyo hata ndoto tamu za mchana hazilipi kama tunavyodhani.

Mazoezi ya kuirudisha akili mahali ulipo mwili yana mizizi katika mafundisho ya Kibudha, ambako kwa Kipali, lugha ya maandiko yake ya kale, huitwa sati. Neno hilo hubeba pia maana ya kukumbuka, na kwa maoni yangu kazi yote iko hapo. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi haya hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, yakawa kozi ya wiki 8 isiyomdai mtu dini yoyote. Kozi ile huagiza karibu dakika 45 za mazoezi ya nyumbani kwa siku. Mwenye kazi na watoto akisikia dakika 45 anafunga ukurasa, na simlaumu. Anza na 5.

Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Macho yafumbe, au yaache nusu wazi yakitazama sakafu hatua moja mbele yako. Chagua mahali pamoja unapoisikia pumzi: tundu za pua, kifua, au tumbo. Usihamehame. Pumzi yenyewe iache iende inavyotaka, hukuja kuirekebisha. Kila unapotoa pumzi, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, hadi kumi, kisha anza upya. Ukipotea, rudi kwenye moja.

Utapotea. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, maana yake kumi ni chini ya dakika moja, na bado wengi hawavuki nne siku ya kwanza. Wengine hujikuta wako kumi na saba. Hilo lina maelezo yake: kuhesabu ni mazoea ya tangu utotoni, kwa hiyo ulimi wa ndani unaendelea na namba huku akili imeshaenda kulipa madeni. Ikikutokea hivyo mara kwa mara, hesabu kwa kurudi nyuma, kumi hadi moja. Mazoea ya kurudi nyuma ni dhaifu zaidi, yatakudai uwepo.

Hapa ndipo wengi wanapoacha. Wanadhani lengo ni kichwa kitupu, na kwa kuwa kichwa hakikubali kuwa kitupu, wanahitimisha kwamba jambo hili si lao. Ubongo una mtandao wa maeneo unaochangamka hasa pale usipokuwa na kazi maalumu. Mawazo kuja ni shughuli yake ya kawaida. Zoezi ni ile sekunde unayogundua: kumbe nimeondoka. Akili ikiondoka mara thelathini ukairudisha mara thelathini, umefanya mazoezi mara thelathini. Irudishe kama unavyomvuta mbuzi aliyeingia shamba la jirani, unavuta kamba tu, humpi hotuba. Ukianza kujisema, "ona, nimeshindwa tena," hilo nalo ni wazo, na limekubeba mbali kuliko lile la kwanza.

Matatizo ya mwili yana sababu zake pia. Kizunguzungu na ganzi ya vidole: unavuta pumzi kwa nguvu kupita mahitaji, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu. Acha kuilazimisha, itajirekebisha. Usingizi: umelala chali au umetoka kula, basi fanya ukiwa umesimama, macho wazi. Mguu umekufa ganzi: usogeze, hakuna tuzo ya kuvumilia.

Kuna watu ambao kuifuatilia pumzi kunawaongezea hofu. Moyo unaenda mbio, kifua kinabana. Kwao pumzi si mahali pa kutulia, na kukazana nayo ni kosa. Peleka umakini kwenye nyayo zinavyogusa sakafu, au kwenye sauti za nje. Na kama umewahi kupitia tukio baya ambalo hurudi ukifumba macho, fanya haya chini ya mtaalamu wa afya ya akili, si peke yako.

Dakika 5 za kitini, hata hivyo, ni mazoezi tu. Mechi iko kwenye siku yenyewe. Na huko tatizo halisi ni kwamba hutakumbuka. Ukijiambia asubuhi "leo nitakuwepo," saa nne hujui hata uliahidi nini. Karatasi ya ukumbusho ukutani husaidia siku chache, kisha jicho linaizoea na haionekani tena. Kinachosaidia ni kufunga zoezi kwenye kitendo ambacho unakifanya kila siku bila kukosa. Chagua kimoja kwa wiki nzima. Si vitano. Anayechagua vitano huvisahau vyote ifikapo siku ya tatu.

Kunawa mikono ni pazuri pa kuanzia, kwani sekunde 20 zinazoshauriwa kiafya zinakutosha: ubaridi wa maji, sabuni inavyoteleza, kidole gumba ambacho huwa kinasahaulika. Ufunguo ni mwingine. Sikia uzito wake, sikia pale kitasa kinapokaza kabla ya kulia, kisha sema kwa sauti, "nimefunga." Huo mlango hutaurudia.

Kuosha vyombo kunastahili maelezo zaidi, kwa sababu wengi hujaribu na kukosea. Kosa ni kujisimulia: sasa nasugua sahani, sasa nasuuza kikombe. Baada ya dakika moja umebaki na msimulizi, vyombo vimetoweka. Shika hisia moja badala ya maneno. Mfano, sikio. Jaza glasi na usikilize: mlio wa maji huanza mzito, kisha unapanda na kuwa mwembamba kadiri glasi inavyojaa, hata ukifumba macho utajua imebaki kidogo ifurike. Sponji kwenye sufuria hukwaruza. Ikipita mahali palipokwisha safishika, sauti hulainika. Ukigundua umeondoka, neno moja linatosha, "nawaza," halafu rudi kwenye mlio. Vyombo vikiwa vingi, fanya hivyo kwa vitano vya kwanza, vingine osha unavyojua.

Simu ni ngumu kuliko vyote, kwa kuwa mkono huifuata kabla ya uamuzi. Usijaribu kuwa makini ukiwa ndani yake, umeshachelewa. Weka zoezi mlangoni: kabla ya kuifungua, toa pumzi moja hadi mwisho na ujiulize unaingia kufanya nini. Ukikosa jibu, irudishe ilipokuwa. Ukipata jibu, ingia, fanya, toka.

Kwenye mazungumzo, angalia dakika ile unapoanza kutunga jibu wakati mwenzako hajamaliza. Huwa ina dalili mwilini: taya linakaza, au unavuta pumzi ya kutaka kudakia. Legeza taya, rudi kwenye neno la mwisho alilolitamka. Utachelewa kujibu kwa sekunde moja au mbili. Hakuna atakayelalamika.

Ukiwa unaendesha gari, sahau pumzi na nyayo kabisa. Kuwepo hapo ni barabara, vioo na taa za breki zilizo mbele yako.

Na kama unapenda kuweka hesabu, usihesabu dakika. Weka nukta moja kwenye kalenda kwa kila siku uliyokumbuka kitendo chako angalau mara moja. Wiki ya pili nukta hupungua kwa sababu upya umeisha. Hapo usibadilishe kitendo wala usiongeze muda. Endelea na kilekile kwa wiki moja zaidi, ndipo uhamie kingine.