Siku Mpera Ulipoingia Maabara

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kemia, Dar es Salaam, na mradi wangu ulikuwa kutengeneza nanochembe za fedha, yaani vipunje vidogo mno vya madini ya fedha, kwa majani ya mwarobaini. Niliyachuma uani kwetu, nikayakausha kivulini, nikayachemsha kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba hayafai: kloridi iliyomo hunasa ayoni za fedha, yaani atomu za fedha zilizopungukiwa elektroni, chupa ikajaa ukungu mweupe, kazi ikaishia hapo.

Nikachuja, nikamimina kidogo kidogo kwenye myeyusho hafifu wa nitrati ya fedha, chumvi ya fedha inayoyeyuka majini, wa milimola 1 kwa lita. Mwanzoni kimya. Baadaye unjano ukaanza kukolea, hadi chupa nzima ikawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Flavonoidi na viambata vingine vya majani huzipa ayoni elektroni, fedha ikajikusanya katika vipunje vya nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache hadi makumi kadhaa. Vipunje hivyo hufyonza mwanga wa samawati, ndipo jicho likaona kahawia. Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, ikatoa kilele karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 420, dalili ya nanochembe za fedha. Nikatamba!

Fundi sanifu wa maabara, mzee ambaye vidole vyake havikuwahi kukosa madoa meusi ya nitrati ya fedha, akaiangalia chupa.

“Na mpera je, mwanangu?”

“Mpera una nini, mzee?”

“Si ndiyo nakuuliza wewe.”

Mpera ulikuwa nyuma ya jengo. Tukachemsha majani yake, tukachanganya kwa kipimo kilekile. Kahawia, tena upesi kuliko mwarobaini.

Utangulizi wa ripoti yangu ulikuwa umejaa sifa za mwarobaini: homa, minyoo, ngozi. Ndani ya chupa, sifa hizo hazikuwa na kazi yoyote. Polifenoli, kundi la viambata ambamo flavonoidi zimo, ndizo zilizofanya kazi, na majani chungu nzima yanazo. Hata huko kuiita njia “ya kijani”, yaani isiyodhuru mazingira, kuna chumvi kidogo: borohaidraidi ya sodiamu, kemikali kali inayotumiwa badala ya majani, tumeikwepa, sawa, lakini nitrati ya fedha bado inaunguza ngozi na kuua samaki.

Nyumbani shangazi aliposikia fedha na mwarobaini, akaomba kichupa cha tumbo.

“Hii hainywewi, shangazi. Fedha ikijazana mwilini, ngozi inageuka kijivu cha samawati, na hairudi.”

“Sasa mnasomea dawa gani isiyonyweka?”

Nikamweleza kuhusu bandeji zenye fedha za vidonda vya moto. Akachukua majani yaliyobaki, akaenda kuyachemsha bila fedha.