Siku moja ya fundi wa biti huku Katuba, na tableti yangu ya 2014

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani nikimjibu musiki, macho yake yanaenda kwanza kwa tableti, alafu anacheka. Huku Lubumbashi, Kongo, kazi inayoeleweka ni mgodi, lori, duka, ofisi. Kijana mwenye kukaa kutwa na kaske masikioni akigusagusa kioo, ah huyo hana kazi, hata tantine wangu anaambiaga wageni "huyu mwana iko anacheza tu". Basi nimeandika siku moja nzima, Alhamisi ile, na nimechagua hiyo sababu njo siku niliyomaliza pia mambo ya hii tableti, kama ibaki ao ibadilishwe.

Saa 11 alfajiri

Naamka sababu umeme umerudi. Taa ya studio naiachaga imewashwa usiku kusudi inishtue. Ratiba yangu sipangi mimi, inapanga delestaji, ule mgao wa umeme. Nachomeka tableti, nachomeka simu, narudi kulala.

Tableti yenyewe ni iPad Air 2, ile ya mwaka 2014, ilinifikia ikiwa tayari imetumika. Ndani yake zimetoka nyimbo za kwaya, matangazo ya maduka, biti za marapa wa Katuba na wa Kenya (Kenya ya kwetu hapa, komini, sio nchi), nyimbo za ndoa, hata wimbo wa matanga wa familia moja ya Kamalondo. Haijawahi kuninyima chakula. Lakini betri yake saa hii inasema asilimia 35 alafu inazima kama mtu amevuta waya, na memori yake ni GB 2, zile haziongezwi, ulizaliwa nazo unazeeka nazo.

Saa 1 mpaka saa 3

Chai, mukate, kufagia, kutundika mablanketi ukutani. Wamama watano wa kwaya wanakuja kumalizia sauti zao, wanaimba mara moja inatosha, wanalipa, wanaenda. Kama wateja wote wangekuwa vile nisingekuwa na la kuandika.

Saa 3 na nusu

Petit moja rapa amenitumia projekti yake ya GarageBand (programu ya Apple ya kutengeneza musiki) kutoka simu yake mpya anataka niimalizie. Haifunguki. Programu inaniambia hiyo projekti inatoka kwa vasheni mpya kuliko ya kwangu, na mimi ya kwangu haipandi tena, sababu Air 2 iliishia iPadOS 15 (mfumo unaoiendesha tableti), ilipotoka 16 mwaka 2022 haikuwekwa kwenye orodha. Namwambia basi nitumie kila traki peke yake, sauti tupu, WAV. Anajibu "grand, WAV ni nini?" Namueleza. Anauliza tena. Namueleza kwa sauti. Hii ni saa nzima imeenda na hakuna mtu atailipa, na wiki hizi inarudia kila mara, ile njo ilianza kunifanya nifikirie kununua ingine. Sio kucheka kwa watu. Kucheka nimezoea.

Saa 5

Anafika papa wa kinkayeri, mzee mwenye duka la vifaa vya kujengea. Anauza misumari, bati, rangi, anataka tangazo la sekunde 45, la kupitisha redioni na la kuzungusha na baf (spika kubwa) juu ya pikapu. Amekuja na shemeji yake wa kike na vijana wawili wa duka, wote wamevaa vizuri, chumba changu kikajaa hata mikro ikabaki haina pa kusimama.

Anaangalia meza. "Mashine iko wapi?"

Namuonyesha.

"Hii? Mwanangu anaangaliaga katuni na hii."

Nikasema ndiyo papa, na mimi nalisha nyumba nayo. Akakaa lakini uso haukukubali. Akaanza kunihubiria musiki ya zamani, ya kina Mwenda Jean Bosco, gitaa unasikia vidole. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba huyo Mwenda, Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka akirekodi musiki ya Afrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, gitaa moja na sauti moja, hakukuwa na kompyuta. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema "basi niwekee gitaa kama ya Mwenda." Nilijitafutia mwenyewe hiyo kazi.

Nikapiga gitaa, traki mbili. Nikaweka ngoma, besi, sauti ya papa, sauti ya shemeji akijibu "kweli?", vijana wa duka wakipiga kelele ya furaha kama wateja. Papa anasikiliza anasema sauti yake iwe nzito, iwe ya mtu mkubwa. Naifanya nzito. Anasema sasa imekuwa kama ya mtu mgonjwa. Naipunguza. Anasema irudi ile ya kwanza lakini iwe na nguvu ya ile ya pili. Anataka mwangwi kama wa kanisani kwenye jina la duka tu, sio kwenye namba ya simu. Shemeji anasema kwenye namba ya simu njo ingependeza zaidi. Wanabishana, mimi nangoja, mita ya umeme inazunguka.

Hapa tableti ikaanza kukwaruza, krr krr, maana kila ifekti ni mzigo na ile prosesa yake ni ya miaka hiyo. Dawa yake najua, kuna kitu inaitwa bafa, kipande cha sauti ambacho tableti inakikusanya kwanza kabla ya kukitoa, ukiipandisha mpaka 1024 makwaruzo yanaisha, lakini kwa sampuli 44,100 kila sekunde 1024 ni kama milisekunde 23, yaani mtu anasema "bati" na kwenye kaske yake anasikia "bati" ikichelewa. Kidogo sana, lakini sikio halidanganywi. Papa akavua kaske: "Kuko mtu mwingine ndani anarudilia maneno yangu." Nikashusha mpaka 256, milisekunde 6 hivi, hapo mtu hasikii kitu, ila tableti inakwaruza tena. Basi nikagandisha traki, gitaa naigandisha, ngoma naigandisha, yaani programu inazigeuza sauti tupu haizipigii hesabu tena, mashine inapumua. Cubasis, programu ninayorekodia, inafanya hiyo vizuri. Shida ni kwamba kila mara papa akisema "ile gitaa ishuke kidogo tu" ama "ile ngoma iwe ingine", narudi kuigandua, nabadilisha, nagandisha upya, nangoja. Na papa haamini kwamba kungoja ni kazi. Anaangalia kile kistari kinachotembea anasema "unaona, ni katuni."

Watu wa nje hii njo sehemu ambayo hawaioni. Kubonyeza si kazi, ni kweli. Kazi ni kukaa na mtu asiyejua anachotaka mpaka akijue, bila kumkasirikia, huku unashika kichwani traki gani imegandishwa na gani haijagandishwa.

Alafu umeme ukaenda.

Kadi ya sauti, ile inayounganisha mikro na tableti, ikazima, mikro ikazima, maana ile mikro inadai volti 48 ndo isikie. Tableti ilikuwa na 40, ikafika 36, ikajifunga. Hakuna kilichopotea, programu inajihifadhi yenyewe, lakini wote wanne wakaniangalia kama mtu ambaye bukari (ugali) imemuungulia. Nikatuma kijana kwa kadhafi, muuza esansi (petroli) wa pale kona, alete, nikawasha grupu (jenereta), nikaivuta mpaka mwisho wa lupango (uwanja wa nyumba) nyuma ya choo na bado inasikika kwenye mikro. Nikasema tungoje jirani azime ya kwake pia. Papa akaweka kaske, akasikia ule mngurumo, akasema: "Acha ibaki. Watu watajua duka iko na moto."

Nikakataa. Nilikataa kwa adabu, ila nilikataa, mtu akisikia tangazo lile redioni hataulizia duka, ataulizia nani alilitengeneza, na jibu ni mimi.

Tukamaliza lini sijui, jua lilikuwa limeshageuka upande wa mlango. Kabla ya kutoka akabadilisha namba ya simu, iwe ya mdogo wake, kwa hiyo papa akaketi tena, kaske tena, "zero tisa..." Tulikubaliana dola 40, akatoa 25 na ahadi. Nikamwachia vasheni yenye biip katikati, ile safi anapata akileta 15. Hakupenda. Hakuna fundi bati anamwachia mtu nyumba yenye paa kamili kwa nusu ya pesa, yeye anauza bati anajua.

Mchana, sijui saa ngapi

Bukari na matembele, baridi. Nikalala kwenye kiti.

Alasiri nikaipeleka tableti kwa fundi wa simu, mtu mwaminifu, ninampenda sababu anakataaga pesa. Akaiinamisha, akasema betri anaweza kuipata, lakini Air 2 kioo cha juu na picha ya ndani vimeshikana kitu kimoja, vimegandishwa na gundi, akivuta kikapasuka vyote viwili vinakufa, na kununua hicho kioo ni afadhali ninunue tableti ya mtu. "Nitajaribu ukisema, ila ukilia usinililie mimi." Na hata betri ikipona GB zinabaki 2 na iPadOS inabaki 15. Nikabeba nikaenda.

Njiani nilikuwa napiga hesabu ambayo nimeipiga usiku nyingi. Rafiki zangu wananiambia nunua mpya kabisa, hii yenye mgongo wa rangi rangi. Sawa, lakini ile ya kizazi cha 10 iliyotoka 2022, na iliyofuata ya 2025, hazina tundu la kaske na mdomo wake wa chaja ni USB-C. Mimi kaske yangu ni ya waya, hiyo ya Bluetooth inachelewesha sauti kuliko hata bafa ya 1024, ni ya kusikilizia sio ya kuimbia. Na adapta yangu ya Lightning (mdomo wa chaja wa hii ya zamani), ile inayoniruhusu kuchomeka kadi ya sauti na chaja kwa pamoja, itakuwa ya kuning'iniza ukutani. Kwa hiyo bei ya tableti mpya sio bei ya tableti tu, ni bei na adapta na kitundu cha kaske. Mwingine ananiambia chukua Android, ni rahisi. Cubasis kweli ipo Android tangu 2020, lakini niliyolipia Apple haihamii kule, naanza kulipa upya, na projekti zangu zote ziko huku.

Inabaki moja: iPad ya kizazi cha 9, ya 2021. Tundu la kaske liko. Mdomo ni ule ule wa Lightning. Prosesa ni A13, memori GB 3, sio nyingi lakini ni moja juu. Vasheni mpya ya GarageBand inaingia, petit atatuma projekti yake na itafunguka, ile saa ya asubuhi narudishiwa. Hata Logic Pro ya iPad ilipotoka 2023 ilidai A12 kwenda juu, hii inapita, ingawa ile ni ya kulipa kila mwezi na mimi kitu cha kulipa kila mwezi nakiogopa, wateja wangu hawanilipi kila mwezi.

Jioni umeme haujarudi. Nimempigia shemeji yangu, anaendesha lori, alikuwa kwenye foleni Kasumbalesa anaelekea upande wa Zambia mpaka Afrika Kusini, yeye njo wa kuninunulia tableti. Anataka jibu fupi: anunue ama asinunue?

"Nunua, ya kizazi cha 9, iliyotumika, yenye nafasi ya kuhifadhia ya GB 256 ukiipata, ya 64 hapana, sauti zinakula nafasi. Chomeka kaske usikie. Chomeka chaja uone inaingiza. Alafu muuzaji atoe akaunti yake, aifute yote mbele yako, uiwashe upya. Ikidai password ya mtu mwingine mrudishie, hata akipunguza bei, ile ni kibao cha kukatia nyanya."

"Na kama iko tu ile ya rangi?"

"Acha."

"Na hii ya zamani unaiuza?"

Siiuzi. Itabaki kwenye chaja muda wote, ipige midundo ya mazoezi ya kwaya na ionyeshe maneno ya nyimbo, hiyo haihitaji GB wala betri. Tena siku ile mpya itakapogoma, niko na pa kukimbilia. Pesa nimemtumia nusu kwa simu, nusu ingine ni zile za kwaya na deni la papa, akilipa.

Saa 4 usiku

Nimeshika mswaki simu inalia. Papa wa kinkayeri, amesikilizisha tangazo kwa bibi yake, yaani mke wake. Bibi anasema ni zuri, ila gitaa ni ya kizee, vijana hawatakuja, tuweke kitu cha kisasa.

Nikamuuliza papa, zile 15?

"Kesho nakuja nazo. Na bibi anakuja pia, anataka aseme yeye."

Nikamwambia karibu, saa 5, na sauti mpya ni dola 10 zake.